Buibui asiye na masikio anampigia nani kelele? Tarantula wangu ameanza kukwaruza

#1 MlinziWaShimo

Wakuu, salaam. Ninafuga tarantula jike wa spishi ya Theraphosa stirmi. Huu ni mwaka wa nne niko naye, na katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akitoa sauti yoyote. Juzi usiku niliingiza kibano kirefu ili nitoe kisahani cha maji kilichojaa udongo, naye alikuwa amejikunyata mdomoni mwa shimo lake. Kibano kilipogusa ukingo wa kisahani, aliinua sehemu ya mbele ya mwili, akaanza kusuguanisha mashina ya miguu ya mbele, upesi upesi, na ikatoka sauti ambayo siwezi kuifananisha na kitu kingine isipokuwa ukanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa. Niliisikia vizuri ingawa feni ilikuwa inazunguka.

Nimesoma mara nyingi kwamba sauti hiyo ni onyo, lakini nina shaka. Buibui hana masikio, kwa hiyo hajawahi kujisikia tangu alipototolewa. Mnyama atatungaje onyo asilolisikia, tena kwa ajili ya adui ambaye hajawahi kukutana naye? Dai langu ni kwamba sauti ni matokeo tu ya mtikisiko wa miguu, na kwamba kinachokusudiwa ni kitu kingine kabisa. Naomba wenye uzoefu mnisahihishe. Nawasilisha.

#2 NyenjeWaUsiku

Pole kwa mshtuko, mkuu. Miaka minne mmeishi kwa amani, umegusa kisahani chake mara moja tu, naye amekusomea mashtaka yote. Swali langu ni fupi: kibano ulikitoa au ulikiachia humo humo?

#3 FundiTangi

Karibu kwenye jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Kukwaruza kwa kusugua sehemu moja ya mwili dhidi ya nyingine kumeenea sana kwa arakinida (buibui, nge na jamaa zao). Tarantula wa Asia na Australia wa kundi la Selenocosmia na Chilobrachys wana kifaa maalumu cha kazi hiyo: kwenye shina la pedipalpi (vile viungo viwili kando ya kinywa vinavyofanana na miguu mifupi), upande unaotazama kinywa, kuna safu ya nywele nene zenye umbo la rungu dogo, na mkabala wake, ubavuni mwa kelisera (vile vipande viwili vya mbele vinavyobeba meno ya sumu), kuna miiba mifupi. Miiba inapopita juu ya zile rungu, sauti hutoka. Wataalamu wameipa safu hiyo jina la lyra, ambalo ni jina la ala ya kale ya nyuzi. Sisi tungesema kinubi. Tarantula mmoja wa Australia, Selenocosmia crassipes, anaitwa na wenyeji wa huko buibui mpiga mluzi, na wengine humwita buibui anayebweka, ingawa habweki.

Huyo wako ni wa Amerika ya Kusini, na nijuavyo mimi hao hukwaruza kwa kusagisha meno yao ya sumu. Kifaa chenyewe kingetosha kuonyesha kwamba sauti si ajali: hakuna kiumbe anayeotesha kinubi bila sababu.

#4 Mwanagenzi_8

Naomba kuuliza kama sauti hii ni dalili ya ugonjwa. Wangu hajawahi kuitoa, na sasa sijui kama nifurahi au niwe na wasiwasi.

#5 BiMtafiti

Mwanagenzi, si ugonjwa. Wapo wanaokaa miaka mingi kimya, na wapo wanaokwaruza kila kifuniko kinapofunguliwa, hata kama wametoka katika mfuko mmoja wa mayai.

FundiTangi, nakushukuru kwa maelezo ya kinubi, lakini aya yako ya mwisho ina kosa. Theraphosa hasagi meno. Mwaka 1995 Marshall, Thoms na Uetz walichapisha utafiti juu ya Theraphosa blondi, ndugu wa karibu wa huyo wa mleta uzi, wakaonyesha njia ya kutoa sauti ambayo haikuwa imeelezwa kabla yao. Kwenye mashina ya pedipalpi na ya miguu ya mbele kuna nyuso zinazotazamana zenye nywele za aina tofauti. Zinapokutana, nywele hunasana, na zinapoachana kwa nguvu hutoa mkwaruzo. Mleta uzi ameifananisha na ukanda wa kunata wa kiatu bila kujua kwamba amegusa utaratibu wenyewe. Hakuna rungu wala miiba inayozipiga. Ni kunasa na kubanduka, mara nyingi, kwa haraka.

Tofauti hii ina uzito katika mjadala wetu. Ikiwa makundi mawili ya tarantula yamefikia sauti inayofanana kwa vifaa visivyofanana kabisa, basi kuna kitu kinachoitafuta sauti yenyewe. Mtikisiko wa miguu usingehitaji nywele za namna hiyo.

#6 FundiTangi

Nimekubali kusahihishwa, Bi Mtafiti. Nilikuwa nimechanganya na buibui-jua, ambao kweli husuguanisha kelisera zao zile kubwa na kutoa sauti.

#7 ShimoRefu

Mimi nina Pelinobius muticus, yule tarantula mwenye rangi ya kutu wa Kenya, Tanzania na Uganda. Wafugaji wengi bado wanamwita Citharischius crawshayi, jina la mwaka 1900, ingawa lile la mwaka 1885 ndilo lililorejeshwa mwaka 2010. Huyu huchimba shimo refu kwa miguu yake minene ya nyuma, na katika tangi langu udongo una kina cha sentimita 40 kwa sababu bila hivyo hatulii.

Nitasimulia nilichokigundua kwa mkono wangu, na ndicho kinachonifanya nisikubaliane na mleta uzi wala na Bi Mtafiti. Shimo lake limepakana na ukuta wa kioo. Usiku mmoja nyenje alitumbukia shimoni wakati ambapo tarantula hakuwa na njaa. Nilikuwa nimeegemeza kiganja changu kwenye kioo kile kile, na kabla sijasikia chochote nilihisi mtetemo vidoleni, mfupi mfupi, kama simu iliyowekwa kwenye hali ya kutetema ndani ya sanduku la mbao. Sauti niliisikia baada ya hapo, nilipoinama. Nyenje alipanda juu kwa kasi ambayo sijawahi kuona.

Kwa maoni yangu, mnapojadili sauti ya hewani mnajadili masalia. Ujumbe wenyewe unapita kwenye udongo. Anayeambiwa ni yeyote anayeingia shimoni, awe mdudu, nyigu mwindaji wa buibui au buibui mwingine, na wote hao husoma mtetemo kwa miguu. Kwa hiyo hata mtoa ujumbe anajisikia, kwa sababu miguu ya buibui imejaa vitundu vidogo sana vya kupimia mtikisiko.

#8 NyenjeWaUsiku

Kwa mara ya kwanza jina langu limetajwa katika uzi wa kisayansi, na nimetajwa nikikimbia. Hata hivyo, mkuu ShimoRefu, nyenje anaweza kuwa amekimbia kwa sababu aliligusa buibui lenyewe. Ungehitaji nyenje aliyekimbia kabla ya kuguswa.

#9 ShimoRefu

Hoja yako ni ya haki. Sikuona alipofika chini.

#10 MkiaWaNge

Ninafuga nge, si buibui, lakini naomba nafasi kwa sababu jambo ni lile lile. Nge wakubwa weusi wa Pandinus na Heterometrus hukwaruza kwa kusuguanisha shina la mkono wa koleo na shina la mguu wa kwanza. Opistophthalmus hutumia kelisera chini ya ukingo wa gamba la kichwa. Parabuthus ndiye ninayemheshimu kuliko wote: hukunja mkia na kuburuta ncha ya mwiba wake juu ya vijipele vya pingili za mwanzo za mkia huo huo, mkwaru, mkwaru, mkwaru, kama kiberiti kinachokataa kuwaka. Katika jenasi hiyo yupo Parabuthus transvaalicus, ambaye anaweza pia kurusha sumu hewani.

Ninachotaka kusema kwa ShimoRefu ni hiki. Parabuthus wangu akikwaruza hivyo mkia uko juu hewani, haugusi mchanga. Ikiwa ujumbe ni wa udongo, kwa nini atumie kiungo kilicho mbali zaidi na udongo? Mimi nasema ujumbe ni wa mnyama mwenye masikio, anayewinda gizani asikoweza kuona rangi: panya, kicheche, popo anayeokota wadudu ardhini. Rangi kali za onyo hazifai usiku. Sauti inafaa.

#11 MlinziWaShimo

Asanteni nyote. Nyenje, kibano nilikitoa, ila kisahani kilibaki ndani hadi asubuhi.

Bado sijajibiwa swali la msingi. Mnaniambia kifaa kipo, na kwamba kuna wawindaji wenye masikio. Lakini buibui asiyesikia amejuaje?

#12 BiMtafiti

Hahitaji kujua. Nyigu hajawahi kuiona michirizi ya mgongo wake, na ua halijioni rangi yake. Waliokwaruza kidogo na kuachwa hai walizaa, na waliokaa kimya wakaliwa walikoma hapo. Hilo linatosha kutengeneza onyo bila mwonyaji kulisikia.

Tena tuwe waangalifu na hiyo kauli ya kwamba buibui hasikii. Hana masikio kama yetu, ni kweli. Ana nywele ndefu nyembamba sana miguuni ambazo huyumbishwa na mwendo mdogo mno wa hewa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba buibui mrukaji Phidippus audax huitikia sauti ya hewani inayotoka umbali wa mita 3 na zaidi, jambo ambalo wengi walikuwa wanalikataa. Huyo si tarantula, wala sisemi tarantula anafanya vivyo hivyo; nasema tu tusijenge hoja nzima juu ya ukiziwi ambao hatujaupima.

#13 Kifutu_wa_Mchanga

Mmezunguka wakati jibu liko wazi. Sikilizeni rekodi ya tarantula anayekwaruza huku mmefumba macho, halafu msikilize nyoka aliyekasirika. Ni sauti moja. Tarantula anamwiga nyoka, na mnyama yeyote anayechungulia shimo gizani akisikia sauti hiyo hurudi nyuma kabla hajafikiri. Mimi mwenyewe nafuga nyoka na nimewahi kudanganyika: nilisimama katikati ya chumba nikitafuta ni kifuniko kipi kimeachwa wazi, kumbe ni Chilobrachys katika boksi la chini.

#14 FundiTangi

Hilo la nyoka linavutia, lakini lina udhaifu. Ukisugua kitu chochote kikavu chenye vinundu vingi utapata sauti ya namna hiyo, isiyo na noti, iliyotapakaa kutoka chini hadi juu. Msasa kwenye ubao hutoa sauti ya nyoka, na msasa haumwigi mtu. Ili niamini kwamba ni uigaji, ningetaka kuona mwindaji asiyewaogopa nyoka akiipuuza sauti hiyo, na yule anayewaogopa akikimbia.

#15 Kifutu_wa_Mchanga

Lakini masikio ya mwindaji hayajali sauti ilitokana na nini, yanajali inafanana na nini. Mwanzo ungekuwa ajali ya msasa, na manufaa yakawa ya nyoka. Sioni kwa nini tuchague moja.

#16 MkiaWaNge

Kuna njia ya tatu: kushtua tu. W. Mitchell Masters alichapisha mwaka 1979 majaribio juu ya wadudu wanaokwaruza wanapokamatwa, akilinganisha wenye sauti na walionyamazishwa, na sauti ikaonekana kuwachelewesha wawindaji, wakiwemo buibui. Angalieni jambo hilo: buibui, ambaye hana masikio, alisitasita. Mwindaji akisita kwa muda wa kupepesa jicho, windo limepata mlango. Haihitajiki maana ya nyoka wala maana ya sumu.

#17 JichoMoja_Salama

Nimekuwa nikisoma tu, lakini naona hakuna aliyemwambia mleta uzi jambo moja ambalo mimi nililipia kwa jicho langu. Theraphosa anapokwaruza, hiyo huwa ni hatua ya kwanza tu kati ya hatua zake. Ya pili ni kugeuka na kusugua tumbo kwa miguu ya nyuma, na hapo nywele zinazowasha huruka hewani. Nywele zake ni miongoni mwa zile mbaya zaidi, na ni ndogo kiasi kwamba huzioni.

Mimi nilisikia ule mkwaruzo, nikafurahi, nikasogeza uso kwenye mdomo wa tangi ili nisikie vizuri. Kesho yake jicho la kushoto lilikuwa jekundu na mwanga ulikuwa unauma kama mchanga. Mganga wa kwanza aliniambia ni mzio wa kawaida akanipa dawa ya matone, na wiki mbili zikapotea. Wa pili aliniuliza ninafuga nini, akatazama kwa kifaa chake, akaniambia kuna nywele zimechoma kwenye kioo cha jicho. Matibabu yalichukua miezi. Vaeni miwani ya kujikinga, tumieni kibano kirefu, msisogeze uso, na mkimweleza mganga tatizo la jicho mtaje buibui kwanza.

#18 Mwanagenzi_8

Pole sana, na asante. Je, tarantula wote wana nywele hizo? Wangu ni Pterinochilus murinus.

#19 JichoMoja_Salama

Hapana. Nywele zinazowasha wanazo tarantula wa Amerika, tena si wote. Wako ametoka Afrika, hana. Badala yake ana mbio na ana sumu inayouma sana, kwa hiyo ukimsikia akikwaruza mwache mara moja.

#20 ShimoRefu

Mnaona? Hapa ndipo penye fumbo linalonivutia zaidi. Kama sauti ni mbadala wa silaha, wa Amerika wenye nywele wangekuwa kimya na wa Afrika na Asia wangekuwa ndio wenye kelele. Kwa sehemu ndivyo ilivyo, kwa maana hao wa pili ndio wengi wanaosifika kwa kukwaruza. Lakini Theraphosa ana vyote viwili, na yeye ndiye miongoni mwa wanaosikika mbali zaidi.

#21 BiMtafiti

Kwa sababu yeye ni mkubwa, labda. Mguu hadi mguu anakaribia sentimita 30. Mnyama mkubwa huonwa na wawindaji wakubwa, na nywele hutumika zikaisha: tumbo likishabaki na upara, hazirudi mpaka ajivue gamba. Sauti haiishi. Ingekuwa busara kuanza na silaha isiyoisha.

Hilo linanikumbusha kukuuliza, MlinziWaShimo: jike wako anakula? Na ule upara wa tumboni, kama anao, una rangi gani?

#22 MlinziWaShimo

Hajala kwa wiki tano. Nyenje wawili niliowatia niliwatoa wakiwa hai. Upara ulikuwa wa rangi ya ngozi ya viazi, na sasa, mmenifanya nitazame vizuri, umekuwa mweusi unaong'aa.

Tangu niandike nimejaribu mambo matatu, kila moja usiku wake, nikiwa nimevaa miwani. Nilipiga makofi juu ya tangi: hakufanya lolote. Niligonga meza kwa kidole: alikaza miguu, hakukwaruza. Nilimpulizia hewa kidogo kwa mrija kutoka umbali wa shubiri mbili: alikwaruza papo hapo. Nimesimama hapo kwa sababu sitaki kumsumbua zaidi.

#23 FundiTangi

Umefanya vyema kusimama. Anakaribia kujivua gamba, na wengi huwa wakali katika kipindi hicho kwa sababu hawana pa kukimbilia wakishalala chali. Toa kila mdudu humo ndani, jaza maji, na usimguse.

Kuhusu majaribio yako: pumzi ndiyo iliyomchokoza, si makofi wala mtetemo wa meza. Pumzi ndicho kitu ambacho mnyama mwenye pua huleta anapochungulia shimo. Nyigu hapumui hivyo. Hilo linamsaidia MkiaWaNge.

#24 ShimoRefu

Linamsaidia kwa kile kinachoanzisha sauti. Haliniambii sauti inapita wapi baada ya kuanza. Naomba msizike mtetemo wangu mapema.

#25 NyenjeWaUsiku

Hakuna anayeuzika. Sote tunajua una kina cha sentimita 40 cha kuuhifadhi.

#26 Kifutu_wa_Mchanga

Pumzi yenye joto ingekuwa jaribio bora zaidi kuliko hewa ya mrija. Lakini lisubiri hadi apone.

#27 MlinziWaShimo

Narudi baada ya wiki tatu. Alijivua gamba usiku wa kuamkia Jumapili, akakaa chali kwa saa nyingi, na asubuhi alikuwa amesimama kando ya gamba lake la zamani, meno yake yakiwa meupe kama mchele. Sasa yamekuwa mekundu na yanaendelea kukolea weusi, sijamlisha bado.

Gamba nililitoa kwa kibano kirefu nikiwa na miwani, glavu na barakoa, kwa sababu sehemu ya tumbo imejaa zile nywele. Tumbo nikalikata na kulitupa. Mashina ya miguu ya mbele na ya pedipalpi nililainisha kwa maji, nikayatenganisha, nikayaacha yakauke siku mbili, kisha nikayatazama kwa lenzi. Kila uso una mwonekano wake. Mmoja ni kama brashi iliyopandwa kwa mpangilio, na mwingine ni kama pamba iliyochambuliwa.

Nilishika shina la pedipalpi kwa kibano kimoja na la mguu kwa kingine, nikayakutanisha polepole. Hakuna sauti. Nikayabandua kwa haraka, na ikatoka. Ilikuwa ndogo, nililazimika kuzima feni ili niisikie, lakini ilikuwa ile ile. Nimeirudia labda mara kumi. Nikiburuta uso mmoja juu ya mwingine bila kubandua, hakuna kitu. Dai langu la bandiko la kwanza nimeliondoa: mtikisiko wa kawaida wa miguu hautoi sauti hiyo, lazima nyuso zile zikutanishwe na kutenganishwa.

Ila bado sijui anampigia nani.

#28 ShimoRefu

Umefanya kazi nzuri sana, mkuu. Naomba jambo moja: rudia ukiwa umeegemeza kibano kwenye ubao mwembamba, na kidole chako kiwe upande wa pili.

#29 MkiaWaNge

Na mimi naomba jingine: weka simu inayorekodi umbali wa mita moja, halafu mita mbili. Tutajua kwanza ni wapi inafika mbali zaidi, hewani au kwenye ubao.

#30 MlinziWaShimo

Nitafanya yote mawili usiku huu, kabla shina la pedipalpi halijavunjika. Limeanza kupasuka ukingoni.